Nusu Mbili za Uso Mmoja

Chupa zote zilirudi tupu, na hilo ndilo lililomzuia Namsifu Mkwizu kutia sahihi ripoti.

Alikuwa amezipanga mezani, za mwezi wa kumi na nane na wa mwisho. Wanawake ishirini na wawili, kila mmoja chupa mbili: yenye kifuniko cheupe ya shavu la kushoto, yenye kifuniko cheusi ya shavu la kulia. Katika kila jozi, chupa moja ilikuwa na Rejea, krimu ya kurudisha ujana ambayo nusu ya wafanyakazi wa nchi waliopita miaka hamsini walikatwa mshahara kila mwezi kuinunua. Nyingine ilikuwa na mafuta matupu: maji, nta, mafuta ya alizeti na manukato yaleyale, bila dawa yoyote. Aliyepaka hakujua ipi ni ipi. Namsifu naye hakujua, mpaka Jumamosi bahasha ya siri ilipofunguliwa mbele ya mashahidi.

Aliweka chupa moja kwenye mizani. Gramu thelathini na moja, uzito wa chupa isiyo na kitu. Ya pili, thelathini na moja. Ya tatu vilevile. Akainusa. Ilinuka sabuni.

Alikuwa amesimamia majaribio kumi na moja katika maisha yake ya kazi, na katika yote hayo hakuwahi kuona watu wakimaliza krimu kwa nidhamu ya namna hii. Mtu husahau. Mtu husafiri msibani, au hununiana na mumewe akaacha kujipaka wiki nzima. Hapa miezi kumi na minane ilipita bila tone kubaki, na chupa zilikuwa zimekombwa na kuoshwa.

Bwana Mhina, mkuu wa maabara, alichungulia mlangoni.

"Dakta, bado hujaipeleka? Wizara inaitaka Ijumaa."

"Leo Jumatatu."

"Najua leo ni Jumatatu. Nauliza kwa sababu jibu liko wazi. Upande wenye Rejea umepungua miaka mitatu na kidogo. Upande wenye mafuta matupu umepungua miaka mitatu na kidogo. Hakuna tofauti. Swali la wizara ni moja: bidhaa hii ina thamani ya bei yake? Weka alama kwenye Hapana, twende tukanywe chai."

"Na mafuta ya alizeti yamewezaje kupunguza miaka mitatu?"

Mhina aliuegemea mlango.

"Hilo hatukuulizwa," alisema.

"Mzee, mimi nikipima sukari kwenye maji safi nikaikuta, siandiki kwamba maji ni matamu. Naangalia nani ameingiza mkono."

"Sasa unataka nini?"

"Gari. Kesho asubuhi."

*

Kiwanda cha chai cha Mbangu kilikaa juu milimani, mahali ambapo ukungu huondoka saa nne, kisha jua huwaka bila huruma hadi jioni. Getini kulikuwa na kisomaji, kama ilivyo kwenye kila geti la ajira tangu vyeti vya kuzaliwa vilipoghushiwa kupita kiasi hata sheria ikaacha kuviamini. Mfanyakazi aliinamisha uso mbele ya kioo. Mwanga wa buluu ulipita kwenye ngozi, ukapima jinsi nyuzi zilizo chini yake zilivyokakamaa na jinsi ngozi ilivyoshika maji, na namba ikatoka. Ikifika sitini, mlinzi hafungui. Nyapara huja na barua na mkono wa kwaheri.

Wanawake wa jaribio walikuwa wamepita bila kusomwa kwa mwaka na nusu. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo yao: umri wao uligandishwa. Jaribio lilikuwa limekwisha, na Jumatatu inayofuata wangesomwa kama wengine.

Namsifu alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mapumziko cha wachuma chai. Alibisha huku akiingia, na kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kuficha kitu. Katikati ya chumba, juu ya stuli, palikuwa na sufuria kubwa ya aluminiamu. Ndani yake mlikuwa na krimu ya kutosha kupaka ukuta, na Mama Nyange, kiongozi wa kikundi, alikuwa ameshika mwiko.

Mwanamke mmoja kwenye benchi, Zaituni, akaangua kicheko.

"Basi tena. Tumeshikwa na mboga jikoni."

"Shikamoo, mama," Namsifu alimwambia Mama Nyange.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae." Mama Nyange hakuuweka mwiko chini. "Hayo ni mabaki ya mwezi uliopita. Tulikuwa tunagawana mara ya mwisho."

"Mmechanganya. Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Namsifu aliketi. Alitoa daftari, akaliangalia, asijue aandike nini.

"Niliwaeleza. Cheupe kushoto, cheusi kulia. Mlitia saini."

"Ulitueleza vizuri sana," alisema Mama Nyange kwa upole. "Ulisema katika chupa mbili moja ni dawa, nyingine ni bure. Ukaondoka. Tukakaa hapahapa tukajiuliza: nani anakubali nusu ya uso wake ibaki nyuma? Na siku jaribio likiisha, geti litasoma upande gani?"

"Geti husoma pande zote mbili, halafu hutoa wastani."

"Hilo hukutuambia. Halafu kuna jambo jingine. Chupa ya Mama Semndolwa ilipasukia njiani. Tungemwacha? Tukasema kila mtu alete alichonacho, kichanganywe, kila mtu apate sawa. Hata chupa tuliziosha, maji yake tukayarudishia humu. Hatukumpunja mtu hata tone."

"Haki bin haki," Zaituni alidakia. "Usitukasirikie, Dakta. Wewe Mpare, mtani wangu, najua utakata rufaa mpaka mahakama ya juu, lakini uso wangu tayari umeshinda kesi. Hebu ona." Akageuza shavu kwenye mwanga wa dirisha. Liling'aa kweli.

Wenzake walicheka. Namsifu hakucheka. Alikuwa akipiga hesabu, na hesabu haikuwa na mlango wa kutokea. Kama pande zote mbili zilipata mchanganyiko uleule, basi ukosefu wa tofauti haukuwa na maana yoyote. Labda Rejea ilifanya kazi yote. Labda mafuta ya alizeti ndiyo yaliyofanya. Labda haikuwa hiki wala kile. Alikuwa na namba elfu nane zilizopimwa kwa uangalifu, na hakujua kitu.

"Kwa hiyo?" Mama Nyange aliuliza. "Kazi yako imeharibika?"

"Sijui bado."

"Na sisi?"

Kwenye fomu ya kuanzia, Mama Nyange alisomwa miaka hamsini na tisa na nukta nane, uso ukiwa mkavu kama taratibu zilivyotaka. Mwaka na nusu ulikuwa umepita tangu hapo. Namba ya wiki iliyopita, uso ukiwa na mafuta, ilikuwa hamsini na nane kamili. Namsifu alizijua namba zote mbili kwa kichwa, na hakuwa na uhakika ni ipi kati yake iliyokuwa mbele yake ikishika mwiko.

"Hilo nalo sijui," alisema.

*

Njia ilikuwepo moja. Aliifikiria usiku kucha katika nyumba ya wageni, na asubuhi aliwaeleza bila kupamba.

Ngozi iliyoshiba mafuta hushika maji. Maji huijaza, mikunjo midogo hulala, na mwanga wa kisomaji hupita vizuri zaidi. Hayo hutoweka mtu akiacha kujipaka siku mbili. Lakini kama Rejea inajenga upya nyuzi za ngozi, kama tangazo lake linavyodai, nyuzi hazibomoki kwa siku mbili. Kwa hiyo kitakachobaki usoni baada ya siku mbili za ukavu ndicho kazi ya Rejea. Kitakachoondoka ni kazi ya mafuta, na mafuta ni mafuta.

"Hata ile sufuria yenu haikuharibu hesabu hii," aliongeza, kwa sauti ya mtu anayejishangaa. "Kopo la dukani ni gramu thelathini kwa mwezi, kwa uso mzima. Katika mchanganyiko wenu, kila mmoja alipata gramu thelathini za Rejea kwa mwezi, kwa uso mzima. Mmeitumia kama wanavyoitumia wanunuzi wote."

"Si nilisema?" alisema Zaituni. "Tuna akili."

"Ila kuna tatizo. Kisomaji hutuma kila namba getini, hata nikitaka kisitume. Nikisoma uso mkavu ikatoka sitini, Jumatatu mtu huyo hapiti."

Walitazamana. Mjadala uliofuata ulichukua dakika chache tu, kwa Kisambaa na kwa haraka, na Namsifu aliachwa nje yake. Kisha Zaituni akasimama.

"Sisi wa arobaini na kitu tutakauka. Tuko kumi na wawili. Hata ukituanika juani hatufiki sitini. Wakubwa waendelee kujipaka."

Siku ya kwanza walilalamika ngozi inawavuta. Siku ya pili Zaituni alidai kwamba mumewe amemuuliza kama anaumwa. Ijumaa asubuhi, nyuso zao zikiwa zimefutwa kwa pamba na spiriti, waliinama mmoja mmoja mbele ya kisomaji cha mkononi, na Namsifu akaandika.

Walianza jaribio wakiwa na wastani wa miaka arobaini na sita na nukta moja. Baada ya mwaka na nusu, ngozi isiyopakwa kitu ingetakiwa kusomwa arobaini na saba na nukta sita. Wakiwa na mafuta walisomwa arobaini na nne na nukta tatu. Wakiwa wakavu, arobaini na saba na nukta nne.

Nukta mbili ndiyo ilikuwa tofauti yote iliyobaki. Kisomaji chenyewe hukosea kwa nukta tano.

Rejea haikufanya kitu. Mafuta na maji ndiyo yaliyofanya, na mafuta ya aina hiyo yaliuzwa kwenye duka la kiwanda kwa bei ya sabuni ya kipande.

Namsifu alitegemea kufurahi. Kila mara alipopata jibu safi alifurahi, na hakuona aibu kwa hilo. Safari hii furaha ilikuja nusu ikasimama. Chini ya kisanduku cha Hapana, fomu ya wizara ilikuwa na nafasi iliyoandikwa *Sababu*, na sababu ilikuwa hii: mafuta yoyote yanadanganya kisomaji.

Alikuwa miongoni mwa walioandika mwongozo wa visomaji. Alijua kwamba kila kisomaji kina uwezo wa kukataa uso wenye mafuta. Uwezo huo ulizimwa kwa sababu hakuna aliyedhani utahitajika. Kuuwasha kulitaka amri moja kutoka wizarani, na ingefika kwenye mageti yote siku hiyohiyo. Angeandika sababu leo, na Jumatatu Mama Nyange angesimama mbele ya kioo na uso mkavu. Hamsini na tisa na nukta nane, kujumlisha mwaka na nusu. Hakuhitaji hata kuandika jibu.

*

"Andika mafuta yoyote yanatosha," Mama Nyange alimwambia. Walikuwa wawili tu chumbani. Wengine walikuwa shambani. Wote wawili walikuwa na chai, na ya Namsifu ilikuwa imepoa. "Watu waache kukatwa mshahara. Lakini usiandike kwa nini."

"Bila kwa nini hakuna atakayeamini, mama. Wenye kampuni wataniuliza: mafuta yanawezaje? Nikinyamaza watasema jaribio lilivurugwa, na watakuwa wamesema kweli."

"Basi andika Ndiyo."

"Ni uongo."

"Ni uongo kwa nani? Mtu anajipaka, geti linafunguka, anakwenda kazini. Anachokinunua anakipata."

Krimu iliahidi ujana. Haikutoa ujana, ilitoa kazi. Kwa aliyelipa, je, ilikuwa ghali? Namsifu alijaribu kulipanga swali hilo kama anavyopanga maswali mengine, kipi kinapimwa na kwa kipimo gani, nalo likamponyoka kila upande.

"Una miaka mingapi, mama?" aliuliza ghafla.

"Si unayo kwenye fomu?"

Ilikuwepo. Safu ya nne: *umri kwa maelezo ya mhusika*. Hakuwahi kuigusa safu hiyo, kwa sababu maelezo ya mhusika si kipimo. Sasa aliifungua akailinganisha na namba za kwanza kabisa, za nyuso kavu kabla ya jaribio. Alifanya hivyo kwa mwanamke mmoja, kisha wa pili, kisha kwa wote. Ilimchukua robo saa. Mama Nyange alikunywa chai yake bila kuuliza.

Kwa wastani, kisomaji kiliwazidishia wanawake wa Mbangu miaka mitano.

Hapo ndipo kichwa chake kilipovurugika kabisa. Alijua vilevile kisomaji kilivyotengenezwa: kilifundishwa kwa nyuso elfu sita, karibu zote za watu wa maofisini. Jua hukata nyuzi za ngozi kuliko miaka inavyozikata, na hawa waliishi chini ya jua. Mafuta yalipowapunguzia miaka mitatu na kidogo hayakuidanganya mashine. Yaliisogeza karibu na ukweli. Namba chafu ilikuwa sahihi kuliko namba safi.

Lakini hilo lilikuwa kweli kama tu safu ya nne ilikuwa kweli. Na safu ya nne ilikuwa neno tupu la wanawake ishirini na wawili walioweka saini wakamdanganya kwa miezi kumi na minane.

Alimweleza Mama Nyange hayo yote, hadi sentensi ya mwisho. Hakuona sababu ya kumficha.

"Kwa hiyo unaandika nini?" mama aliuliza.

"Kila kitu. Kwamba Rejea haina thamani ya bei yake. Kwamba mafuta yoyote hufanya yaleyale inayoyafanya Rejea, na kwa nini. Kwamba mlichanganya. Na kwamba kisomaji kinawaonea watu wa juani kwa miaka mitano, kwa hiyo kisitumike getini mpaka kirekebishwe."

"Watakubali hilo la mwisho?"

"Ushahidi wake ni neno lenu."

"Na wasipokubali?"

"Jumatatu kitakusoma mkavu."

Nje, kengele ya mizani ililia. Makapu ya mzunguko wa kwanza yalikuwa yanapimwa. Mama Nyange aligeuza kikombe chake, akakichungulia ndani kana kwamba ameangusha kitu.

"Nisomee ulivyoniandika mimi."

"Nyange Shekalaghe. Alisomwa hamsini na tisa na nukta nane mwanzoni mwa jaribio. Leo, kwa maelezo yake, ana miaka hamsini na mitano."

"Hamsini na sita."

"Fomu inasema..."

"Najua fomu inasema nini, niliijaza mimi. Nilipoanza kazi walikuwa wanachukua wasichana wasiozidi kumi na minane, mimi nilikuwa na kumi na tisa. Nikajipunguza mmoja. Nimekaa nao tangu hapo, mpaka nimeuzoea." Aliweka kikombe chini. "Andika hamsini na sita."

Namsifu aliinua macho.

"Mama, huo mwaka unakuumiza. Kadiri pengo lilivyo kubwa ndivyo hoja yako inavyokuwa na nguvu. Ukiongeza mwaka, unalipunguza."

"Nimeelewa. Umenieleza vizuri sana." Halafu, kwa sauti ya kumkemea mtoto aliyesahau kunawa: "Wewe si ndiye unayetaka namba sahihi? Andika, mwanangu. Na Zaituni mwandike vilevile alivyosema, huyo ni muongo wa mdomo tu. Siku aliyozaliwa mimi nilikuwepo, niliwasha moto wa maji."

Namsifu alifuta hamsini na tano, akaandika hamsini na sita. Wastani wa pengo uliteremka kidogo sana, kutoka tano na nukta moja hadi tano na nukta sifuri sita. Akaiacha ilivyo, nukta zote.

Kisha akateremka hadi mahali palipoandikwa *Uhakika wa maelezo ya wahusika*, ambapo katika majaribio kumi na moja alikuwa ameandika neno lilelile, *haukuthibitishwa*. Aliliandika. Akalitazama. Shahidi anayejisahihisha kwa hasara yake mwenyewe si uthibitisho. Hakuna kitabu cha vipimo kinachosema hivyo. Lakini ni tukio, lilitokea mbele yake, saa nne na dakika ishirini asubuhi, na yeye aliajiriwa kuandika yaliyotokea.

Alifuta neno hilo. Mahali pake akaeleza, kwa sentensi tatu zisizo na pambo, mwanamke mmoja alisema nini kuhusu mwaka mmoja, na ungemgharimu nini. Chini yake akaandika: *Nimeyakubali maelezo yote ishirini na mawili.*

"Umemaliza?" Mama Nyange aliuliza. Alikuwa amesimama, anafunga kanga kiunoni, kapu liko begani.

"Bado kutuma."

"Basi tuma. Mzunguko wa pili unaanza."

Akatuma.